Sini, kosini na bamvua la Kiuyu

Wasomaji wangu, mniwie radhi. Wiki tatu zimepita sijaandika kitu hapa, na wengine wenu mmeshaanza kuuliza kama nimehamia redioni. Sijahama. Nilichukua likizo gazetini, nikapanda boti mpaka Mkoani, nikakamata daladala, Chake, halafu Micheweni, na kipande cha mwisho nikamalizia kwa bodaboda. Nilikuwa Kiuyu, Pemba, kwao mama.

Kwa wasiopajua, Kiuyu iko kule kwenye ncha ya kaskazini mashariki ya kisiwa. Ukisimama Ras Kiuyu ukatazama mashariki, mbele yako hakuna kitu ila Bahari ya Hindi. Upande huu haukubarikiwa karafuu kama upande wa magharibi. Ardhi ni ya mawe, na watu wake wanaitegemea bahari: samaki, pweza, dagaa na mwani.

Usiku wa pili, baada ya sala ya Isha, nilimkuta mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, amejiinamia barazani na taa yake ya sola. Yuko kidato cha sita, anasoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Mbele yake palikuwa na rundo la karatasi za fotokopi, maswali ya mazoezi ya trigonometria na mwanzo wa kalkulasi. Aliponiona akainua kichwa.

"Kaka, wewe si msomi wa chuo kikuu? Hebu njoo unisaidie hili."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mimi Hisabati kidato cha nne nilipata F. Naisema hapa mbele yenu kwa mara ya kwanza. Nilikimbilia Historia na lugha kwa sababu huko hakuna mtu wa kuniuliza kosini ya pembe ni ngapi. Darasani kwetu hesabu ilikuwa kitu cha kukariri. Mwalimu anaandika kanuni ubaoni, sisi tunanakili, kengele inalia. Hakuna aliyewahi kutuambia sini ni kitu gani, ilitoka wapi, na mtu wa kwanza kuihitaji aliihitaji kwa shida gani.

Swali lenyewe lilikuwa la bandari moja ya Ulaya. Kina cha maji kinapanda na kushuka kwa kufuata kosini. Tafuta saa ambazo meli inaweza kuingia, kisha tafuta kasi ya maji yanaposhuka. Dogo alikwama kwenye kasi. Mimi nilikwama kwenye neno la kwanza.

Mama mkubwa alikuwa ndani, mlango wazi, anafunga kamba za mwani kwa ajili ya kesho yake.

"Mnahesabu nini usiku wote huu?"

"Maji kupwa na kujaa, mama," nikamjibu.

Akacheka. "Hilo nalo la kuandikia karatasi, mwanangu? Maji yakishajaa huanza kuondoka kwa kunyata. Saa ya pili yanatembea. Saa ya tatu na ya nne yanakimbia. Halafu yanachoka, yanatembea, yananyata, mpaka yanasimama. Kurudi ni vivyo hivyo."

Dogo aliniangalia, nami nikamwangalia. Mama mkubwa hakufika sekondari, na alikuwa ametoa jibu la swali la pili la karatasi ile, bila namba tu. Usiku ule sikulala mapema. Nikaanza kusoma, na siku zilizobaki za likizo nimezitumia kumtafuta huyu sini aliyenitesa, nijue kwao ni wapi. Nilichokikuta ndicho ninachowaletea leo.

* * *

Tuanze na jina. Wagiriki wa kale, akina Hipparchus na baadaye Ptolemy, walipima nyota kwa kutumia kamba inayokata duara, yaani mstari unaounganisha nukta mbili za mzingo. Wahindi wakaona ni rahisi zaidi kuchukua nusu ya kamba hiyo. Mwaka 499 mwanahesabu Aryabhata alitoa orodha ya nusu kamba 24, kila moja kwa hatua ya digrii 3 na dakika 45. Hiyo ndiyo sini yetu. Kwa Kisanskriti waliita jya, maana yake uzi wa upinde, kwa sababu duara na kamba yake vinafanana na upinde na uzi wake. Jina lingine la kitu hicho hicho lilikuwa jiva.

Karne ya 8 elimu hiyo ikaingia Baghdad. Waarabu hawakulitafsiri neno, walilichukua kwa sauti, jiba, na kwa kuwa Kiarabu huandikwa bila irabu fupi, zikabaki herufi ambazo msomaji wa baadaye alizisoma jaib. Jaib kwa Kiarabu ni mfuko, au uwazi wa kifuani mwa nguo. Aliyepita chuoni utotoni atalikumbuka neno hilo kwa wingi wake, juyub, katika Surat An-Nur. Karne ya 12 wafasiri wa Ulaya walipokuwa wanazigeuza hesabu za Waarabu kuwa Kilatini wakakuta "kifua cha nguo", wakaandika sinus, maana yake kunjo au kifua. Ndiyo sini iliyoandikwa kwenye kikokotoo cha mdogo wangu. Neno lilizaliwa India, likavuka kwa Waarabu, likakosewa kusomwa, likaenda Ulaya, likaturudia sisi Pemba kwenye karatasi ya fotokopi kama kitu cha Mzungu.

Tanjenti nayo ina habari yake, na hii ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu kila Mpemba anaiishi. Waarabu waliita zill, yaani kivuli. Simamisha mti juani, pima kivuli chake, gawanya. Basi. Karne ya 9 Habash al-Hasib wa Baghdad alikuwa tayari ana majedwali ya vivuli. Walihitaji nini? Walihitaji, pamoja na mengine, nyakati za sala. Alasiri kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu pwani hii, inaingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe ukijumlisha na kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Hiyo sentensi ni mlinganyo wa trigonometria. Misikiti mikubwa iliajiri wataalamu wa kuukokotoa. Ibn al-Shatir, mmoja wa wanafalaki wakubwa wa karne ya 14, kazi yake ilikuwa kutunza saa za sala katika Msikiti wa Bani Umayya, Damascus.

Sasa tuilete Kiuyu. Kiuyu iko yapata digrii 5 kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 8 Machi na tarehe 6 Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa na kivuli cha mnazi kinajificha chini ya mnazi wenyewe. Siku hizo kivuli cha adhuhuri ni sifuri. Kwa hiyo Alasiri inaingia kivuli kikiwa sawa na mti, yaani tanjenti ni 1, yaani jua liko digrii 45. Jua likitoka digrii 90 mpaka 45 kwa mwendo wa digrii 15 kila saa, ni saa 3 kamili baada ya adhuhuri ya jua. Mwezi Machi, kwa saa za ukutani, adhuhuri hiyo ya Kiuyu inaangukia kama saa 6 na nusu mchana. Ongeza 3: saa 9 na nusu. Sikilizeni adhana siku hiyo mtaniambia.

Mabaharia nao walikuwa na lao. Nahodha wa jahazi alibeba kamali, kibao kidogo chenye uzi wenye mafundo. Unauma fundo kwa meno, unanyoosha uzi, ukingo wa chini wa kibao unaugusisha na upeo wa bahari na wa juu na nyota. Kila fundo ni bandari. Kipimo chao kiliitwa isba, kidole, kama digrii moja na dakika 36. Ahmad ibn Majid, nahodha mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, aliyaandika haya katika karne ya 15, na miongoni mwa tungo zake ipo iliyoshuka na pwani yetu mpaka Sofala. Tena walihesabu siku za safari kwa Nairuzi, mwaka wa jua ambao wazee wetu walioukoga ndio waliopangia kilimo na uvuvi. Nyota ya kaskazini huku kwetu haichomozi, iko chini ya upeo wa bahari. Ndiyo maana manahodha waliokuwa wanashuka huku walihamia kwenye nyota nyingine zinazoizunguka, Farkadani na baadaye Naashi. Mtu anayebadilisha nyota na bado anajua aliko, huyo anajua pembe, hata kama hakusoma PCM.

* * *

Sasa itakuwaje elimu hii iliyopita kwenye bahari yetu na vivuli vyetu ikaonekana kwetu kuwa ngeni? Sehemu ya jibu ni kwamba ilipoturudia safari ya pili ilikuja mkononi mwa mtawala.

Kati ya miaka 1822 na 1826 meli za Uingereza chini ya Kapteni William Owen zilipita pwani ya Afrika zikipima kila ghuba na kila mwamba, na mabaharia wake wengi wakafa kwa homa. Zikatoka chati za bahari za Kiingereza. Kisha, Pemba ikiwa tayari chini ya himaya ya Uingereza, Kapteni J. E. E. Craster, mhandisi wa jeshi lao, alikuja kukipima kisiwa na kukichorea ramani. Mwaka 1913 akatoa kitabu kuhusu Pemba, kisiwa cha viungo.

Kupima kisiwa kwa pembetatu kunakwenda hivi. Unapima mstari mmoja tu kwa uangalifu mkubwa, tuseme mita 1,000. Ukisimama ncha moja unaelekeza darubini kwenye kilima cha mbali na kusoma pembe, tuseme digrii 60. Ukienda ncha ya pili unasoma tena, digrii 70. Pembe ya tatu, kule kilimani, lazima iwe 50, maana zote tatu ni 180. Kanuni ya sini inasema pande za pembetatu zinalingana na sini za pembe zinazozitazama. Kwa hiyo kutoka ncha ya pili mpaka kilimani ni 1,000 mara sini 60 gawanya kwa sini 50, ambayo ni kama mita 1,130. Hukukanyaga kilima, na umbali umeupata. Mstari huo mpya unakuwa msingi wa pembetatu nyingine, na nyingine, mpaka kisiwa kizima kimo kwenye karatasi.

Fikiria babu zetu wanamtazama mgeni anachungulia kwenye bomba la shaba juu ya miguu mitatu, halafu baadaye inakuja ramani inayosema mpaka uko hapa. Hakuna aliyewaeleza kwamba kazi ile inafanywa na jya, na jaib, na zill. Sini ikawa kitu cha serikali. Na mpaka leo, kwa wengi wetu, imebaki kuwa kitu cha serikali. Inatoka Baraza la Mitihani, na kazi yake ni kukuchuja.

* * *

Turudi barazani. Kilichomkwamisha dogo ni kasi, na kasi ndiyo lango la kalkulasi. Trigonometria inakuambia maji yako wapi. Kalkulasi inakuambia yanakwenda mbio kiasi gani dakika hii hii.

Hapa pia vitabu vya shule vinaanza na Newton na Leibniz, na ni haki yao. Newton aliifanya kazi hiyo miaka ya 1665 na 1666, Leibniz akachapisha yake mwaka 1684, na wakagombana vibaya kuhusu nani wa kwanza. Lakini mwaka 1150 Bhaskara wa Pili, huko India, akitafuta mwendo wa sayari kwa dakika moja moja, alishaona kwamba badiliko dogo la sini linafuata kosini. Na Kerala, pwani ya kusini magharibi ya India, Madhava aliyeishi yapata 1340 hadi 1425 aliweza kuikokotoa sini kwa kujumlisha vipande visivyokwisha, zaidi ya miaka 200 kabla ya Ulaya kufanya hivyo. Kerala ndiyo pwani ya pilipili manga, na bahari yake ni hii hii yetu, yenye majahazi yanayokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Sisemi kwamba Wapemba walimsoma Madhava, wala kwamba Newton alimwibia. Hakuna ushahidi wa hayo. Nasema tu kwamba ukiitafuta kalkulasi kwa kuanzia Kiuyu, kituo cha kwanza kiko ng'ambo ya maji.

Na maji kupwa na kujaa yenyewe? Newton alieleza chanzo chake mwaka 1687: mwezi na jua vinavuta bahari. Vikivuta kwa mstari mmoja, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tunapata bamvua. Vikivuta kwa kupishana, tunapata maji mafu. Lakini kujua chanzo si kujua saa. Kazi ya saa ilifanywa na William Thomson, baadaye Lord Kelvin, aliyeona kwamba mwendo wa maji ya bandari yoyote ni jumla ya kosini nyingi. Moja ni ya mwezi, yenye mzunguko wa saa 12 na dakika 25, nyingine ya jua, saa 12 kamili, na nyingine ndogo ndogo. Mwaka 1872 alibuni mashine ya magurudumu na kamba moja iliyopita juu ya yote, ikizijumlisha kosini hizo na kuchora maji ya mwaka mzima. Mashine za aina hiyo ndizo Arthur Doodson alizotumia karibu na Liverpool kukadiria maji ya fukwe za Normandy kwa ajili ya mashambulizi ya tarehe 6 Juni 1944. Majeshi yale yalishuka kwa hesabu ya mama mkubwa, ikiwa na namba.

* * *

Basi tukaitupa bandari ya Ulaya, tukaweka Kiuyu. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika maeneo yetu hukaribia mita 4. Tukachukua 4, na kwa wepesi tukasema mzunguko ni saa 12. Shamba la mwani tukaliweka pale maji yanapofika chini kabisa. Saa t baada ya maji kujaa, kina juu ya shamba kwa mita ni:

h = 2 + 2 kosini (30t), pembe kwa digrii.

Dogo akajaza. Saa 0, mita 4. Saa 1, 3.73. Saa 2, 3. Saa 3, 2. Saa 4, 1. Saa 5, 0.27. Saa 6, sifuri. Kisha tukaangalia yaliyoondoka kila saa: 0.27, 0.73, 1, 1, 0.73, 0.27. Yananyata, yanatembea, yanakimbia, yanakimbia, yanatembea, yananyata. Mabaharia wa Ulaya wana kanuni yao ya kukumbuka jambo hilo, wanagawa maji mafungu 12 na kuhesabu moja, mbili, tatu, tatu, mbili, moja. Ni maneno yale yale ya mama mkubwa.

Kasi je? Hapa dogo alikuwa anasahau kitu kimoja, na alipokikumbuka likafunguka: kwenye kalkulasi pembe iwe kwa rediani, si digrii. Digrii 30 ni pai gawanya kwa 6. Kosini ikitafutiwa kasi inakuwa sini yenye alama ya kutoa, kwa hiyo kasi ni kutoa 2 mara pai juu ya 6 mara sini. Saa 3 sini imefika 1, kileleni, na kasi ni pai juu ya 3, kama mita 1.05 kwa saa. Alama ya kutoa inasema maji yanashuka. Saa 0 na saa 6 sini ni sifuri, maji yamesimama.

Swali la mwisho ndilo lenye roho ya mtu ndani yake. Tuseme mama anaweza kufanya kazi shambani maji yakiwa hayajapita goti, nusu mita. Weka h = 0.5. Kosini inakuwa kutoa 0.75. Pembe ni digrii 138.6 na digrii 221.4. Gawanya kwa 30: saa 4.62 na saa 7.38. Siku za bamvua kwetu maji hujaa kama saa 10 alfajiri, kwa hiyo anaingia saa 2 na dakika 37 asubuhi na lazima atoke saa 5 na dakika 23. Saa mbili na dakika 46 basi. Na maji mafu, ambapo tofauti ni kama mita 1 tu, maji hayashuki chini ya mita 1.5, mlinganyo unakataa kutoa jibu. Ndiyo maana siku za maji mafu wanawake wa Kiuyu hawaendi.

Dogo akaniuliza, "Na akichelewa saa moja?"

Weka saa 8.38. Jibu ni mita 1.36. Kutoka gotini mpaka kifuani kwa saa moja.

Nilinyamaza. Nilikuwa na miaka minane, tumekuja likizo. Kilimo cha mwani kilikuwa kimeshaenea. Kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, kikavuka kuja Pemba. Mama mkubwa alikuwa shambani, mimi nimemfuata na kijiti changu nikitafuta pweza kwenye mashimo ya miamba, nikasogea, nikasogea. Yeye alishatoka na wenzake. Alipogeuka kuhesabu watoto hakuniona. Alirudi ndani ya maji. Hajui kuogelea mpaka leo. Nakumbuka nimekaa mabegani mwake, maji yanampiga kifuani, naye hasemi kitu ila anahesabu hatua. Mwani wa siku ile, kamba na vijiti vyake vyote alivyoviacha kumrudia mtoto wa mdogo wake, vilikwenda na maji. Sikumbuki kama niliwahi kusema ahsante. Nilijua kuwa maji yalikuja haraka. Usiku ule barazani, miaka mingi baadaye, nikajua ni haraka kiasi gani.

* * *

Mwaka 2022 waliofaulu Hisabati kidato cha nne nchini walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Wanne waliobaki si wajinga, maana mmoja wa aina yao ndiye anayewaandikia. Huku Zanzibar, sera ya elimu ya 2006 iliamua Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mimi sina ugomvi na Kiingereza, kimenipa kazi. Lakini mtoto wa Kiuyu anaambiwa habari za meli katika bandari asiyoijua, kwa lugha anayoibahatisha, na hakuna anayemgeuza shingo atazame dirishani, ambako lile swali linajitatua lenyewe mara mbili kwa siku. Walimu wengi wanajitahidi, na darasa la watoto wengi na chaki chache si mahali pa kuwalaumu. Ninachoomba ni kidogo. Mwalimu akiandika sini ubaoni, atumie dakika tano kusema ilikotoka. Akifika tanjenti, awatoe nje juani. Akifika kasi, amwite mama mmoja wa mwani aje aseme maji yanavyonyata.

Asubuhi ilikuwa bamvua. Mimi na dogo tukateremka ufukweni na karatasi yetu kumsubiri mama mkubwa, tuone kama saa 5 na dakika 23 ni kweli. Hatukusubiri. Saa 5 kasoro robo alikuwa ameshatoka, fungu la mwani kichwani, kanga imelowa pindoni tu.

"Mama, mbona mapema? Hesabu inasema una dakika nyingine karibu arubaini."

"Hesabu yenu inatoka maji yakiwa wapi?"

"Gotini."

Akatua fungu lake akanitazama. "Anayengoja gotini ni mgeni. Mimi natoka yakiwa kifundoni. Si unajua kwa nini."

Najua. Usiku dogo alirudi kwenye daftari, akafuta 0.5, akaandika 0.15, kina cha kifundo cha mguu. Kosini, kutoa 0.925. Pembe, digrii 202.3. Muda, saa 6.74 baada ya maji kujaa. Saa 4 na dakika 44 asubuhi.

Akapiga mstari chini ya jibu, akafungua karatasi iliyofuata.